Bega la Mhimilishaji Halimo Kwenye Bei ya Mrija

Mwulize mfugaji wa Marangu au wa Tukuyu kwa nini kumpandisha ng'ombe kwa mrija kunagharimu kiasi alicholipa, atakutajia jina la dume, umbali aliotoka mtaalamu, na pengine kwamba mbegu zilikuwa zile zilizochujwa ili ndama awe jike. Atataja na gesi ya kugandishia, maana wahimilishaji hawaachi kuilalamikia. Kitu kimoja hatakitaja, kwa sababu hata mhimilishaji mwenyewe hakiandiki kwenye risiti: mkono wake wa kushoto, kuanzia vidole hadi bega. Makala haya yanauhusu mkono huo.

Asiyewahi kuishuhudia kazi hii hudhani ni ya sindano. Mtu anafika, anadunga, anaondoka. La hasha. Ni kazi ya kupapasa gizani. Ng'ombe akishafungwa au kubanwa, mhimilishaji huvua saa na pete, huvaa glavu ya plastiki inayofika begani, huipaka kilainishi, hukusanya vidole vyake vitano vikawa ncha moja, kisha huupenyeza mkono katika njia ya haja kubwa. Kwanza huondoa kinyesi. Halafu mkono huingia tena, safari hii hadi kiwiko, na kwa ng'ombe mkubwa hupita kiwiko. Kizazi hakimo humo anamoingia. Kimelala chini yake, na vidole vinakitafuta kupitia ukuta wa utumbo, mpaka vikutane na shingo ya kizazi, kipande cha sentimita saba hadi kumi hivi, kigumu kama firigisi katikati ya nyama tepetepe. Mkono wa kulia ndio unaoshika ile fimbo nyembamba ya chuma wanayoiita bunduki, yenye mrija wa mbegu ndani yake, na kuiingiza ukeni ikiwa imeelekezwa juu kidogo, isije ikapotelea kwenye njia ya mkojo.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Utumbo haumkaribishi mgeni. Mawimbi ya misuli yaliyoumbwa kusukuma kinyesi nje husukuma na mkono pia, nayo hubana kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko, yakiachia na kurudi, yakiachia na kurudi. Damu hupungua vidoleni. Anayeshindana na wimbi hilo kwa nguvu hujikuta baada ya muda mfupi vidole vimekufa ganzi na hajui tena ameshika nini. Mzoefu hafanyi hivyo. Wimbi likija huulaza mkono ukawa bapa, hutulia, hungoja lipite, kisha huendelea. Kuna nyakati utumbo hujaa hewa ukatanuka na kukakamaa, kuta zake zikawa ngumu na zikakaa mbali na vidole. Mpaka hewa hiyo itolewe kwa kuvuta taratibu mkunjo wa utumbo kuelekea nyuma, hakuna kinachoshikika. Wanafunzi wengi hawaambiwi mapema kwamba nusu ya kazi hii ni kungoja, wakiwa wameinama, mkono ukiwa umenyooshwa mbele na uzito wa mwili ukiwa juu ya mguu mmoja.

Kosa la karibu kila anayejifunza ni kuisukuma bunduki kwa mkono wa kulia akidhani itapenya. Haipenyi. Shingo ya kizazi ina pete za ndani, kwa kawaida tatu au nne, na mlangoni mwake pana mfuko uliozunguka ambamo ncha ya bunduki hukwama. Mkono wa kulia kazi yake ni kuituliza bunduki tu. Wa kushoto, ulio ndani na unaobanwa, ndio unaoivuta shingo ya kizazi mbele ili mikunjo ya uke inyooke, ukaishika kwa kidole gumba na vidole viwili vya mwanzo, ukaigeuza huku na huku, pete moja baada ya nyingine, ukiivika kwenye bunduki. Pete ya mwisho ikishavukwa, kidole cha shahada hupapasa ncha ya chuma kupitia nyama, kujiridhisha kwamba imetokeza tu kwenye mwili wa kizazi na haijazama katika pembe mojawapo. Ndipo mbegu zinaachiliwa, polepole, kwa kuhesabu hadi tano.

Tofauti kati ya kupatia na kukosea hapo ni milimita chache. Mbegu zikibaki ndani ya shingo ya kizazi, uwezekano wa mimba hupungua. Bunduki ikizama mno, inaweza kukwaruza ukuta wa kizazi. Mwenye kupima milimita hizo si jicho wala mashine, ni ncha za vidole zilizofunikwa glavu na utumbo, zikiwa zimebanwa kwa dakika mbili, tatu au zaidi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe aliyerudi kwenye joto baada ya siku 21 anapolaumu mbegu, au kituo kilichozitoa, au dume ambaye hajawahi kumwona, ningependa aulize swali jingine kwanza: mtaalamu alipofika kwangu mkono wake ulikuwa na hali gani, nami nilimwandalia nini?

Mkono haukuwamo katika kazi hii tangu mwanzo. Mrusi Ilya Ivanov, aliyeanzisha uhimilishaji wa mifugo kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, na waliomfuata, walitumia mbinu za ukeni. Kwa muda mrefu chombo cha kupanulia uke na taa ndivyo vilivyotegemewa kwa ng'ombe: mtu anachungulia, anauona mlango wa kizazi, anaweka mbegu mlangoni. Mwili haukuteseka sana, ila chombo kilitakiwa kusafishwa baada ya kila ng'ombe, na mbegu hazikufika mbali. Denmark, ambako chama cha ushirika cha uhimilishaji kilianzishwa kisiwani Samsø mwaka 1936, ndiko madaktari wa mifugo walikobuni njia ya kuishika shingo ya kizazi kupitia utumbo. Mimba ziliongezeka, dunia nzima ikaiga. Mwaka 1949 Waingereza wakagundua kwamba gliserini huziwezesha mbegu kuvumilia kugandishwa, na baadaye naitrojeni ya kimiminika ikawezesha mbegu za dume kutunzwa hata baada ya dume kufa. Mrija ukabadilika, bunduki ikabadilika, uchaguzi wa madume siku hizi hufanywa kwa vinasaba. Mkono uko pale pale walipouacha Wadenishi. Bunduki zenye kamera zipo sokoni, lakini kwa mhimilishaji wa kijijini anayenunua gesi kwa fedha yake, hizo ni habari za kusoma tu.

Hapa Tanzania wengi wa wataalamu hawa hupita Usa River, wilayani Arumeru, kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC. Ndiko madume wanakofugwa, mbegu zao zikavunwa na kugandishwa, na ndiko watu wanakofundishwa. Mafunzo ya namna hii kwa kawaida huanza na vizazi vilivyoletwa kutoka machinjioni, vikiwa juu ya meza, ambapo macho yanaweza kuona vidole vinachofanya. Kisha macho huondolewa. Mwanafunzi anapoingiza mkono kwa ng'ombe hai kwa mara ya kwanza, kila kitu alichokijua mezani kinapotea. Siku zile za mwanzo mkono huvimba, kiganja hukakamaa, na kushika kalamu jioni ni shida. Walio wengi hupona na kuzoea. Misuli ya kiganja na ya mkono wa mbele hujijenga, na mtu hujifunza kutumia nguvu kidogo.

Bega, hata hivyo, halizoei. Linavumilia kwa miaka, kisha linadai.

Wanaoijua miili ya wafanyakazi husema kazi yoyote inayofanywa mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa bega huzichakaza kano za bega, na zaidi ikiwa mkono huo unasukuma na kujizungusha. Sasa mpime mhimilishaji wa kimo cha wastani nyuma ya ng'ombe aina ya Friesian ambaye mabega yake yanakaribia mita moja na nusu. Akisimama chini na ng'ombe akiwa juu ya sakafu ya zege iliyoinuliwa, kama mabanda mengi yalivyo, mkono wake unapanda. Atajiinua kwa vidole vya miguu. Atageuza shingo upande ili mkia usimpige usoni. Kiuno nacho kitajipinda. Dakika tatu za namna hiyo si kitu. Mara elfu kadhaa, kwa miaka kumi au kumi na mitano, ni habari nyingine.

New Zealand, ambako ng'ombe wa maziwa huzalishwa kwa msimu, mhimilishaji mmoja anaweza kupita nyuma ya ng'ombe zaidi ya mia moja kwa asubuhi moja wakati wa msimu huo, wakiwa wamepangwa kwenye banda la kukamulia lililojengwa kwa vipimo. Tafiti zilizofanywa huko na Canada miongoni mwa madaktari wa mifugo mikubwa zimeitaja kazi ya kupima ng'ombe kwa mkono kupitia utumbo kuwa miongoni mwa vyanzo vya maumivu ya bega, shingo, kiwiko na kifundo. Wahimilishaji wa New Zealand wana idadi kubwa kwa siku, lakini wana sakafu sahihi, ng'ombe waliozoea watu, na miezi ya kupumzika. Wa kwetu ana ng'ombe wachache kwa siku, naye huwafuata mmoja mmoja, mwaka mzima. Sioni kwamba hesabu yake ni nyepesi.

Maana mzigo wa pili ni njia. Mtungi wa naitrojeni, hata ule mdogo wa lita tatu, hufungwa nyuma ya pikipiki, na hautakiwi kulala wala kurukaruka. Ndani mna ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kimiminika hicho huchemka na kupotea taratibu hata mtungi ukiwa umetulia; ukitikiswa hupotea haraka zaidi. Kwa hiyo mhimilishaji huendesha kwa kujizuia: mikono imekaza usukani, mgongo unapokea kila shimo ili mtungi usilipokee. Rungwe mvua hainyeshi kwa mapatano, na utelezi wa mteremko mwekundu unajulikana. Anapofika, mikono yote miwili imekwisha kazi moja kabla ya kuanza nyingine.

Kilimanjaro kuna adha yake. Ng'ombe wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, hafungwi uwanjani, anakaa bandani katikati ya migomba na kuletewa majani, wakati mwingine kutoka tambarare. Banda zuri kwa ng'ombe si lazima liwe zuri kwa mhimilishaji. Mengi yalijengwa ng'ombe aingie, ale na alale. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mtu atasimama nyuma yake. Mlango ni mfupi, paa liko chini, ukuta wa nyuma uko hatua moja tu kutoka mkiani. Mtaalamu hulazimika kuingia akiwa ameinama na kubaki hivyo, kwa sababu hakuna pa kunyooka. Samadi imemfika vifundoni. Ng'ombe amefungwa kamba moja ya shingo na anaweza kuzunguka nusu duara, na kila anapozunguka mkono ulio ndani unazunguka naye.

Saa nazo si rafiki. Kanuni inayotumika karibu dunia nzima, iliyotokana na utafiti wa Nebraska, Marekani, miaka ya 1940, ni kwamba ng'ombe aliyeonekana ana joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Wengi huonekana asubuhi, mwenye ng'ombe anapokwenda kukamua akakuta ute mwangavu unaoning'inia, au amesikia mlio usiku kucha. Ndiyo kusema simu nyingi ni za kazi ya jioni. Mtu aliyezunguka tangu alfajiri anaanza kazi inayohitaji vidole hai kuliko zote saa kumi na mbili jioni, tochi ya simu ikiwa imeshikwa na mtoto. Ng'ombe anayekaa peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, na ile dalili ya uhakika kabisa, yaani kusimama atulie anapopandwa, haionekani. Mfugaji anabahatisha, anachelewa siku moja, anapiga simu, mtaalamu anakuja kuupapasa mlango wa kizazi ambao umeanza kufunga. Bunduki haipiti kirahisi. Mkono unakaa ndani muda mrefu zaidi. Wa kulaumiwa atakuwa nani, tunamjua.

Kwa wafugaji wa ng'ombe wa asili mambo yamegeuka. Huko joto hufupika na mara nyingi huja usiku, kwa hiyo kampeni za uhimilishaji hutumia homoni za kuoanisha joto: ng'ombe wa kijiji huchomwa sindano kwa ratiba, wakaingia joto kwa pamoja, na siku moja wanaswagwa hadi kwenye josho. Ni mbinu nzuri, na mabadiliko yanayotarajiwa kwenye maziwa na nyama ni ya kweli. Ila mtazame anayesimama nyuma. Ng'ombe wa asili wa Tanzania ni mdogo, kilo 200 na ushei tu, nyonga zake ni nyembamba na utumbo wake ni mfinyu, nao humbana mtu mwenye mkono mnene mpaka ashindwe kufunga ngumi. Hajazoea kushikwa. Anaruka, analala, anasukuma nyuma. Na nyuma yake wapo wengine kadhaa kwenye foleni, homoni haimngoji mtu apumzike, na mheshimiwa mgeni rasmi angependa kuona idadi. Katika kampeni kama hizo, mimi ningehesabu wahimilishaji kabla ya kuhesabu mirija.

Hatari zenyewe hazihitaji kutiwa chumvi. Ng'ombe hupiga teke mbele, pembeni na nyuma, na anayesimama mbali kidogo kwa woga ndiye anayelipokea teke likiwa limekamilika. Wakongwe husimama wamegusana na mnyama, teke likija liwe la kusukuma. Ng'ombe akilala ghafla mkono ukiwa ndani, lazima mtu ashuke naye. Ndiyo maana ni mwiko kuupitisha mkono kati ya miti miwili ya banda au juu ya chuma kilicholala nyuma ya ng'ombe: akishuka yeye, chuma hakishuki, na mfupa ndio unaovunjika. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, unaomwingia binadamu kupitia majimaji ya uzazi na mkwaruzo mdogo wa ngozi, ukamletea homa zinazokuja na kuondoka na maumivu ya viungo ambayo hospitalini huweza kudhaniwa malaria. Glavu iliyotoboka ni jambo la kila wiki. Naitrojeni inaunguza ngozi kwa baridi, na lita moja yake ikigeuka gesi hujaza nafasi ya karibu lita 700. Anayeusafirisha mtungi ndani ya gari lililofungwa vioo anaweza kukosa hewa bila kunusa chochote, kwa kuwa haina harufu.

Mhimilishaji aliyeajiriwa na halmashauri, bega likimshinda, ana pa kuanzia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mwajiriwa ambaye mwajiri wake anachangia. Aliyejiajiri, mwenye pikipiki yake na mtungi wake, hana mwajiri. Bega lake ni mali yake binafsi. Na huyu ndiye wafugaji wengi wanayemtegemea.

Kenya walipita njia nyingine, na inafaa kuitazama. Uhimilishaji ulianza huko mwaka 1935, kituo cha Kabete kikaanzishwa 1946, na 1966 serikali ikaunda huduma ya taifa iliyosaidiwa na Sweden. Magari yalipita kwenye barabara maalumu kila siku, na kandokando ya barabara hizo kulijengwa vibanio vya miti ambako wafugaji waliwaleta ng'ombe wao na kungoja. Mfugaji alilipa kidogo, serikali ikalipa kilichobaki. Mpango huo ulikuwa mzigo kwa hazina, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi iliachiwa watu binafsi. Mengi yamesemwa kuhusu bei zilizopanda baada ya hapo na wafugaji waliorudi kwenye dume la jirani. Linalosahaulika ni kwamba pamoja na magari, vibanio vya barabarani navyo vilikufa. Mhimilishaji aliyekuwa akisimama mahali palepale, nyuma ya ng'ombe aliyebanwa sawasawa, sasa anaingia katika kila boma na kukuta alichokikuta. Kwa upande wa mwili wake, hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa.

Kuna dhana inayorudi kila mara kwamba hii ni kazi ya wanaume wenye misuli. Haina ukweli mwingi. Nguvu za kupindukia ndizo zinazoharibu: zinachubua utumbo, zinamtisha ng'ombe, zinamchosha mwenyewe. Mkono mwembamba wenye subira unaingia kwa mtamba na kwa ng'ombe wa asili mahali ambapo mkono wa pande la mtu hauingii, na wanawake walioisomea wanaifanya vizuri. Kinachowakwaza wanawake ni kile kile kinachomkwaza mwanamume mfupi, yaani kimo cha sakafu, pamoja na simu za usiku kutoka mabonde wasiyoyajua. Sakafu inarekebishika.

Vyuo vina jambo la kufanya. Mwanafunzi hufundishwa kuingiza mkono wa kushoto, na sababu ipo: tumbo kubwa la ng'ombe limekaa upande wa kushoto na huweza kukisukuma kizazi kidogo kuelekea kulia, hivyo mkono wa kushoto hukifikia vizuri zaidi. Watu wengi pia huipendelea bunduki katika mkono wa kulia. Lakini faida hiyo ni ndogo ukiilinganisha na miaka ya kulichosha bega moja tu. Anayejifunza mikono yote miwili akiwa bado kijana, kabla vidole havijajenga mazoea, atakuwa na akiba siku bega moja litakapoanza kuuma. Anayeanza kubadili mkono akiwa na miaka 45 na maumivu tayari, anaanza upya kabisa, tena mbele ya wateja. Kwa maoni yangu hili lilipaswa kuwa sehemu ya mtihani.

Mengine yako mikononi mwa mwenye ng'ombe, na hayahitaji mfadhili. Kibanio cha miti minne imara, upana usiozidi sentimita 75 ili ng'ombe asigeuke, chenye kizuizi mbele cha kumshika shingo. Mti wa nyuma ukiwepo uwe chini na uwe wa kuchomoka, usikae kamwe usawa ambao mkono unapitia. Sakafu ya kukwaruza, isiyoteleza. Nyuma yake nafasi ya mtu kusimama wima na kurudi hatua mbili, na kama ng'ombe ni mrefu, kibaraza kipana cha kukanyagia ili kiwiko cha mtaalamu kishuke chini ya bega. Paa juu ya kichwa chake. Ndoo ya maji safi, sabuni ya kunawia baada ya kazi na kitambaa kikavu cha kumfuta ng'ombe. Sabuni isiguse uke, inaua mbegu. Mtu mmoja mtulivu wa kushika mkia, na wengine wabaki nje, maana kelele humfanya ng'ombe akaze misuli, na kila anapokaza ni mkono unaobanwa.

Piga simu mara unapoona dalili, usingoje umalize kukamua, kupeleka maziwa na kurudi. Mwambie mhimilishaji saa uliyoiona, kwa ukweli. Ukijua ng'ombe wa jirani yako naye ana joto, mwambieni awaunganishe katika safari moja, na ikiwezekana wote waletwe kwenye kibanio kimoja. Vyama vya ushirika vya maziwa vinavyokusanya maziwa mahali pamoja kila asubuhi vinaweza kujenga kibanio hapohapo. Mbao na misumari ya kazi hiyo havizidi gharama ya mimba chache zilizopotea. Na kama fundi anakuja mwezi huu kukujengea banda jipya, mpigie mhimilishaji wako umuulize vipimo kabla mbao hazijakatwa.